Kiti cha Tatu

Mwanangu Zuhura,

Mimi mzima, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali. Ndivyo bibi yako wa Muheza alivyonifundisha kuanza barua, na leo nimejikuta nacheka peke yangu, maana wewe huko mbali hata kidogo. Uko chumba cha pili unakunja nguo, na nasikia zipu ya sanduku inakataa kufunga. Kati yetu kuna ukuta mmoja tu. Lakini jana tulipigiana kelele mpaka yule jirani Mnepali akapunguza redio yake atusikilize vizuri, na najijua, nikifungua mdomo leo nitapiga kelele tena. Kwa hiyo naandika. Utaisoma kesho ndani ya ndege, mahali ambapo huwezi kunijibu.

Nimekasirika, Zuhura. Nakuambia mapema usije ukadhani hii ni barua ya machozi. Nina hasira tangu Jumatatu, na hasira yenyewe imehama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine mpaka imefika mahali ambapo sikutaka ifike.

Mambo ya sweta, pasipoti na dawa ya kichwa sikuandikii. Safari yako ya kwanza sikukuandikia barua, nilikuandikia maagizo. Karatasi yenye nembo ya hoteli juu, mambo tisa kwa herufi kubwa. Amka kabla ya wenyeji. Usikae wao wakiwa wamesimama. Usifungue friji ya watu. Usikatae chakula, usiombe chakula. Kula haraka, inuka, osha vyombo vyako na vyao. Ukiumwa, nyamaza. Mengine unayajua kwa moyo kuliko mimi niliyeyaandika. Halafu chini nikakuwekea na methali, kama mwalimu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilikupa ukiwa bado nyumbani hapa Najma, Doha, hata hodi kwa watu hujapiga.

Leo asubuhi ulipokuwa unaoga nimefungua mkoba wako. Ni kosa, nisamehe, lakini nimefungua. Nimeikuta ile karatasi ndani ya kava la pasipoti, imekunjwa mara nne, imeanza kukatika kwenye mikunjo. Msichana wa miaka kumi na tisa, anayesomea uhandisi wa maji kwenye nchi ya watu, anatembea na karatasi ile kama hirizi. Nimeitoa. Mexico hairudi.

Sasa nianze na Jumatatu. Ulikuwa umelala wakati ulipoingia kwenye simu yangu ujumbe wa Bi Lupita, mama wa ile nyumba unayokaa kule Puebla. Namwita Bi kwa sababu ni mkubwa kwangu, na hata nilipokuwa namkasirikia nilimwita Bi. Alikuwa ameandika kwa Kihispania, simu ikamgeuzia kwa Kiingereza. Mwanzoni maneno mengi ya adabu, habari za wazazi, habari za afya. Halafu hili: "Mama Zuhura, mwanao anakula kwangu kama mtu anayesubiri kufukuzwa. Naomba uniambie nimekosea nini." Akamalizia kwamba kama huna raha kwao, watazungumza na chuo utafutiwe nyumba nyingine, ila wangependa kujua kabla masomo hayajaanza tena.

Damu ilinichemka. Nilisema huyu mwanamke hana shukrani. Mtoto anampigia deki, anamwoshea vyombo, anamkunjia nguo za nyumba nzima, halafu yeye analalamika? Nilikuamsha kwa kelele. Nikakuambia hama, nyumba hiyo si ya kukaa. Baba yako akasema tumsikilize kwanza mtoto, nikamwambia anyamaze. Ukaandika barua pepe ya kuomba chuo kikuhamishie hosteli, ukanionyesha, nami nikasema tuma. Hukutuma. Ipo kwenye simu yako mpaka saa hii, na ndiyo inayonifanya nishike kalamu, kwa sababu niliyekuambia utume ni mimi, na sasa nataka kukuomba usitume.

Ngoja nikueleze nilivyofika hapa.

Jumanne tulikuwa tunamenya vitunguu, ukaanza kunisimulia mambo ya ile nyumba kidogo kidogo, bila mimi kukuuliza. Kwamba chakula kikubwa wanakula saa tisa alasiri, na mikate yao ya mahindi inakaa ndani ya kitambaa isipoe, kama chapati zetu za Ramadhani. Kwamba Bi Lupita ni mwalimu wa shule ya msingi na akirudi anavua viatu mlangoni huku anaongea. Kwamba maharage yao hupikwa kwa mafuta ya nguruwe, wewe ulijua tangu siku ya pili, na kwa wiki tatu ulikula mikate mitupu na parachichi ukisema umeshiba. Maagizo yalisema usikatae, usiombe. Bi Lupita mwenyewe ndiye aliyeshtuka suruali zako zinakupwaya, akauliza kwa watu, akaelewa. Siku hiyohiyo akanunua sufuria mpya, akafunga utepe wa kijani kwenye mpini wake, na hakuna mtu wa nyumba ile anayeruhusiwa kuigusa kwa mafuta mengine. Alikuuliza kwa nini hukusema. Ukamwambia hukutaka kumsumbua. Akaenda chumbani, akatoka macho mekundu.

Na mimi, Mungu anisamehe, ulipomaliza kunisimulia nilikusifu. Nilisema umefanya vizuri kuvumilia. Wiki tatu mwanangu ana njaa mezani kwa mtu anayempenda, na mimi napiga makofi.

Jumatano ukanieleza ile meza yenyewe. Ulisema wale watu wakimaliza kula hawainuki. Sahani tupu ziko hapo, makombo yako hapo, kahawa inaletwa, na wao wanakaa saa nzima, wakati mwingine mbili, wanaongea tu. Jambo hilo wana jina lake, sobremesa, na kwao kuinuka kabla haijaisha ni kama kumwambia mwenyeji chakula chako nimekula lakini wewe sikutaki. Hili ulilifahamu baada ya miezi miwili. Mpaka hapo ulikuwa ukiweka tonge la mwisho mdomoni umeshasimama, unakusanya sahani za watu ambao bado wanatafuna.

Halafu ukamtaja yule mzee, Don Chucho, baba yake Bi Lupita, aliyekuwa mtu wa breki kwenye treni za mizigo ujanani. Kila siku baada ya chakula anaanza hadithi ileile: mvua imenyesha siku nne, basi limekwama, na bibi harusi na gauni lake kaomba kupanda treni ya mizigo ili awahi harusi yake upande wa pili wa mto. Treni inafika mtoni, daraja limechukuliwa na maji. Hapo ndipo wewe unapoinuka na sahani. Mwisho wake hujawahi kuusikia. Kesho yake anaanza tena tangu mvua, kwa ajili yako, maana wengine wote wameisikia tangu wakiwa wachanga. Mpaka siku moja akanywa kahawa yake kimya. Bi Lupita alipomuuliza vipi leo, akasema, "Mtoto ana kazi nyingi."

Ulipofika hapo kisu chako kilisimama kwenye ubao. Mimi nikasema tu kwamba wazee wote ndivyo walivyo, nikakuambia umalize kukata nyanya.

Zuhura, kuna jambo nimelificha miaka yote hii, na si kwamba ni siri. Naona haya nikilitaja.

Unajua nilikuja Doha kufanya kazi za ndani, ukabaki na bibi yako ukiwa na miaka minne. Unajua nilikaa villa moja kule Al Wukair kwa miaka sita kabla sijapata kazi ya hoteli na kukuleta. Hujui kuhusu kile kiti. Nilikuwa namlea mtoto wa nyumba ile wa miaka miwili, mzito wa kula, hali mpaka nimkalie karibu macho kwa macho. Siku moja nilikuwa nimechoka, nikakaa ukingoni mwa kiti cha meza yao ya chakula, nikamlisha uji. Madamu, mwenye nyumba, akaingia. Hakupiga kelele. Angenitukana ningesahau, matusi yanasahaulika. Alimwita mwenzangu Mfilipino, akamwambia alete kitambaa na dawa, afute kile kiti. Nimesimama palepale na bakuli mkononi. Mwenzangu akafuta mgongo wa kiti, akafuta kikalio, akafuta mpaka miguu ambayo sikuigusa. Hakuniangalia, nami sikumlaumu.

Tangu siku ile sikukaa tena kitini ndani ya nyumba ile. Miaka yote iliyobaki nimekula nimesimama karibu na sinki, haraka haraka, sikio moja mlangoni. Na wakala aliyenileta nilipompigia simu aliniambia kaza moyo, wenzako wanavumilia. Hilo neno vumilia ningepewa ruhusa ningelifuta kwenye lugha. Zipo nyumba hapahapa Doha ambazo dada wa kazi anakula sinia moja na wenye nyumba, nawajua wenzangu walioangukia huko na namshukuru Mungu kwa ajili yao. Mimi sikuangukia huko. Na hasira yangu kwa mwanamke yule haijapoa, wala siombi ipoe.

Ile karatasi yako ndiyo iliyotoka kule. Mambo tisa yote. Niliogopa, nikauvalisha ule woga nguo za adabu, nikakufungia safari nao. Nilidhani kila nyumba ya watu duniani ni ile.

Lakini kama ingekuwa hivyo tu, leo ningekuwa nakuandikia barua ya kumlaani Madamu, na ningeifurahia. Kuna la jana.

Grace unamjua, yule msichana wa Uganda niliyewahi kukuambia anaimba akitandika. Ana miezi mitano kazini. Jana asubuhi nilikuwa nakagua vyumba, nikamkuta kwenye chumba cha juu kabisa, mgeni ametoka, kazi ameshaimaliza yote, shuka zimenyooka. Amekaa kwenye kiti cha dirishani, viatu amevua, anaangalia bahari na yale majengo ya West Bay. Sidhani kama alikuwa amekaa dakika tatu. Nilimwambia inuka. Akainuka, akaomba msamaha. Ingeishia hapo ningekuwa msimamizi tu anayefanya kazi yake. Haikuishia hapo. Nilichukua kitambaa kwenye toroli lake, nikampa, nikamwambia, "Kifute."

Akakifuta. Mgongo, kikalio, miguu. Mimi nimesimama naangalia kama kinang'aa.

Nilitoka pale nikashuka ngazi za dharura mpaka ghorofa ya kumi na moja ndipo nikakumbuka kuna lifti. Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira na sikujua ni ya nani, na wewe ndiye uliyefungua mlango. Ukauliza kama chakula uweke sasa au baadaye. Nikakufokea kuhusu sanduku, kuhusu viatu, kuhusu barua pepe ambayo hujatuma. Nikasema unajidekeza, unalia kwa ajili ya kizee na hadithi zake wakati sisi wengine tumefanya kazi kwenye nyumba za watu bila kulia. Ndipo ukaniambia lile neno.

"Mimi sikwenda kufanya kazi kwa watu, mama. Nilikwenda kusoma. Wao walinipokea kama mtoto, wewe ukanituma kama mtumishi."

Ningeweza kukupiga. Mkono ulishanyanyuka, uliuona. Baba yako naye aliuona, na hatukuwahi kutazamana vile tangu tuoane. Ulikwenda chumbani ukafunga mlango polepole, bila kuubamiza, na huo upole ndio ulionimaliza. Hata ukiwa na hasira na mama yako unafunga mlango kama mtu asiye kwao. Hilo nalo ni langu, lilikuwa namba saba kwenye ile karatasi.

Leo asubuhi kabla baba yako hajaenda msikitini nilimpigia Grace simu. Nilimwomba radhi. Nilimwambia jana nilikosa, kile kiti hakikuwa na uchafu, nilichofanya ni kibaya na mimi mwenyewe kiliwahi kunifika. Nilitaka anune. Nilitaka aniambie ndiyo, umeniumiza. Akacheka kidogo, kwa adabu, akasema, "Hakuna shida, Madamu. Nimeshazoea."

Nimelisikia neno Madamu kila siku kwa miaka mitatu tangu niwe msimamizi, na leo ndiyo mara ya kwanza nimetaka kumwambia mtu asiniite hivyo. Na huko kuzoea je? Msichana wa miaka ishirini na mbili amezoea, kwa miezi mitano tu, na mmoja wa walimu wake ni mimi. Nimemwambia Jumapili tutazungumza ana kwa ana, na chumba chochote atakachokimaliza mapema akae kwenye kiti chetu cha stoo, na mtu akimuuliza aseme ameambiwa na mimi. Ni jambo dogo. Bado nina hasira.

Nilipokata simu niliangalia meza yetu. Wewe umeishi humu miaka minane, Zuhura, niambie, meza yetu ina viti vingapi? Viwili. Kimoja chako, kimoja cha baba yako. Wageni wakija tunaazima kwa Mnepali. Miaka minane nimekula nimesimama hapo kwenye jiko, sahani juu ya kaunta, nikisema naangalia wali usiungue, na wali ulishaiva zamani. Baba yako mwanzoni alikuwa akiniita, njoo ukae, mama Zuhura. Nikawa nasema nakuja. Akachoka. Wewe hukuwahi kuuliza kabisa, ulikuta mambo hivyo, ukaona mwanamke kula ni kusimama. Kwa hiyo ile karatasi ilikuwa ya bure. Ulikuwa umeshajifunza kwa macho kabla sijaandika hata neno.

Sasa sikiliza, nami sitasema mengi. Bi Lupita alikuwa na haki ya kuuliza amekosea nini. Hakukosea. Ujumbe wake nilimjibu leo mchana, kwa Kiingereza changu cha hoteli. Nilimwandikia kwamba aliyekosea ni mimi, nikamweleza kile kiti cha Al Wukair kwa maneno machache. Amejibu mara moja ingawa kwao ilikuwa alfajiri. Amesema hapo kwake kuna kiti chako na hakuna anayekikalia tangu uondoke, ila paka, na paka huwa anafukuzwa.

Vyombo uoshe, sikukatazi, mimi si mama wa kukufundisha uvivu. Osha baadaye, pamoja na wao, kahawa ikiisha. Lakini wahenga hawakusema la jembe peke yake. Walisema pia mgeni njoo, mwenyeji apone, na hilo sikukuandikia kwenye karatasi kwa sababu nilikuwa nimelisahau. Yule mzee alikuwa anakungoja wewe, na wewe ukampa sahani safi. Ukifika usimwombe radhi kwa hotuba, atababaika. Ngoja wamalize kula. Ngoja kahawa ije. Miguu itakutuma uinuke, najua, yangu inanituma sasa hivi nikiandika. Ikatae. Halafu umuulize kama siku ile mvua ilikuwa siku nne au tano, yeye ataendelea mwenyewe. Ukikaa mpaka mwisho unipigie simu siku hiyohiyo unieleze, maana tangu Jumatano sina raha, nataka kujua kama yule bibi harusi alivuka.

Ile barua pepe ni yako. Nimekuomba usitume, sijakuamuru. Maagizo nimeacha.

Baba yako amerudi. Nilimtuma maduka ya vitu vilivyotumika huku nyuma, amekuja na kiti begani, jasho linamtiririka, ananiambia fundi amegongelea mguu mmoja lakini kitanibeba. Hakuniuliza cha nani. Amekiweka mezani upande wa dirisha, akapangusa vumbi kwa mkono wake, akanivutia kiti nyuma kidogo kama wanavyofanya wale vijana wa hoteli kwa wageni, na akatoka haraka kwenda kunawa. Nadhani alikuwa analia, usimtanie.

Mistari hii ya mwisho nimeiandika nimekaa. Kinayumba kidogo. Wali umeiva, samaki wako wa kupaka yuko tayari, na jiko nimelizima ili nisiwe na kisingizio. Sasa naacha kalamu nikuite. Ukifika hapa kwenye kusoma, kesho, utakuwa unajua tayari tulikaa mezani mpaka saa ngapi, na nani kati yetu aliinuka wa kwanza.

Mama yako